Shoka la Kuazima
Somo juu ya chuma, msitu na uwakili wetu (2 Wafalme 6:1-7)

Habari hii ni fupi, na wengi wetu tumeijua tangu utoto. Wanafunzi wa nabii Elisha walikwenda mtoni Yordani kukata miti ya kujengea. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma cha shoka kilichomoka katika mpini, kikazama majini, naye akamlilia nabii. Tuangalie vema alilolilia. Hakuilia kazi iliyokatika, wala mti uliobaki umesimama. Alilia kwa kuwa shoka lile halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Mtu akipoteza kilicho chake husikitika. Akipoteza cha kuazima huona haya na hofu, maana yuko mwenyewe atakayekidai.

Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa chuma chote tulicho nacho ni cha kuazima: jembe, panga, bati la nyumba, nondo za daraja, hata kile kipande cha reli kigongwacho penye mitaa yetu kuwaita watu ibadani. Kimeazimwa kwa nchi iliyotoa jiwe, kwa msitu uliotoa makaa, na kwa watoto wetu watakaovihitaji vyote viwili baada yetu. Basi na tuulize: Chuma chetu kilitoka wapi? Kililipiwa kwa kitu gani? Na aliyekiazima yampasa kukitendeaje?

1. Chuma cha wazee wetu

Mlima wetu una udongo mwema, lakini chuma chake wazee walikinunua. Kilitoka kwa majirani zetu wa Upare wa Kaskazini, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana sana kwa uhunzi. Wafundi wa kule walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, ule uachwao na maji ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa ya miti na kwa pumzi ya mivukuto. Kisha chuma kilipandishwa mlimani, Wachaga wakakilipa kwa vyakula na mifugo. Wahunzi wa mlimani, na walio mashuhuri ni wa Mamba, wakakifua kuwa mashoka, visu, mikuki na kengele za mifugo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale, alichapisha mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi na kazi yake katika mawazo ya watu, kwa kuwa aliona jinsi mtu huyu alivyoheshimiwa, tena alivyoogopwa.

Kwa kuwa chuma kilikuwa ghali, hakikutupwa. Shoka lililolika lilirudi kwa mhunzi, likaingia motoni, likatoka kitu kingine kidogo kuliko lile la kwanza. Baadaye chuma cha Ulaya kilifika, kwanza kwa misafara ya pwani, kisha kwa reli ya Tanga iliyofikia Moshi mwaka 1911. Matanuru ya Upare yakazimika. Chuma kikawa rahisi kupatikana, na kitu kilicho rahisi mtu hukisahau upesi thamani yake.

2. Chuma hula moto

Jiwe la chuma silo chuma. Ndani yake chuma kimefungamana na oksijeni, ile sehemu ya hewa ituwezeshayo kuishi. Ili kuvitenga viwili hivi, joto peke yake halitoshi. Lazima kiwepo kitu kiivutacho oksijeni kwa nguvu kuliko chuma. Kitu hicho ni kaboni iliyomo katika makaa. Kaboni huinyang'anya ile oksijeni, nazo zikiisha kuungana hupanda angani, ndiyo hewa ya ukaa. Chuma hubaki chini, na takataka zake hutengwa, zile ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma. Basi makaa hufanya kazi mbili pamoja: hutia joto, tena hutenga. Ajuaye hili atafahamu kwa nini tangu kale penye chuma msitu hupungua.

Huko Buhaya, mahali paitwapo Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale katika miaka ya 1970 walifukua mabaki ya matanuru yaliyotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wafundi wale walikuwa hodari kweli, wakatengeneza chuma kigumu ambacho watu wa pwani hukiita pua au feleji. Lakini wachunguzi wale waliona pia dalili ya kuwa miti ya nchi ile ilipunguzwa sana na kazi hiyo. Uingereza nayo iliyajua mashaka hayo ya makaa ya miti, hata mwaka 1709 Abraham Darby wa Coalbrookdale alipofaulu kuyeyusha jiwe la chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza. Hapo msitu ulipumzika. Lakini mzigo haukuondoka, ulihamia angani.

Mzigo huo leo ni mkubwa sana. Dunia nzima hutengeneza chuma cha pua karibu tani milioni 1,900 kila mwaka, na zaidi ya nusu hutengenezwa Uchina. Tani moja itokayo katika jiwe kwa njia ya makaa ya mawe hutoa angani tani 2 za hewa ya ukaa, au zaidi. Kazi hii peke yake yatoa kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ya ukaa yote itokayo kwa kazi za wanadamu. Nayo hewa ya ukaa ikizidi huizuia dunia isipoe, kama blanketi limzuialo mtu aliyelala.

3. Mlima wetu wapokea

Msomaji wa Mkuu aweza kusema: Mambo haya ni ya Ulaya na Uchina, sisi hapa Rombo hatuna tanuru. Ni kweli. Lakini anga halina mpaka wala nguzo za kihamba, na masale hayapandwi mawinguni. Juu yetu yuko Kibo. Tangu mwaka 1912 hata 2007, eneo la barafu yake limepungua kwa asilimia 85. Katika kupungua huko yamo mambo mawili, ukavu wa hewa na joto la dunia; na barafu iliyosalia ni mabaki tu, kama masalio ya chakula baada ya karamu.

Hata hivyo tusidhani ya kuwa barafu ndiyo chemchemi yetu kubwa. Maji mengi ya mito na mifongo yatoka msituni. Kule juu miti hukinga mvua na ukungu, ikaviteremsha kidogo kidogo ardhini, nayo ardhi ikavihifadhi. Msitu ukikatwa au kuungua, mvua hushuka yote kwa siku moja pamoja na udongo wetu, kisha mto hukauka. Upande wetu wa Rombo hupata mvua chache kuliko upande wa kusini wa mlima. Akina mama wetu wabebao ndoo kutoka mbali hawahitaji kufundishwa neno hili.

Wazee waliotutangulia waliona hatari. Mwaka 1941 ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ulitengwa chini ya msitu mkubwa, ili wenyeji wapate humo kuni na mbao, na msitu wa juu uachwe salama. Tangu siku zile watu wameongezeka sana. Kihamba cha baba mmoja kimegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Shoka moja la feleji laweza kuangusha kwa saa moja mti uliokua tangu siku za babu zetu. Katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Israeli wanakatazwa kuitia shoka miti ya matunda, hata wakati wa vita wanapouzingira mji wa adui. Ikiwa vitani shoka lina mpaka wake, si zaidi sana wakati wa amani?

4. Chuma hakifi, ila hupotea

Sasa tuje kwenye habari njema ya somo letu. Kila mtu wa mlimani aijua hekima ya kihamba. Majani ya mgomba humlisha ng'ombe. Samadi ya ng'ombe huulisha mgomba. Mringaringa na mruka huutia kahawa kivuli, na majani yake yakianguka hugeuka udongo. Hakuna kitu kitokacho nje ya duara ile bila faida. Wageni wenye elimu huja kujifunza jambo hili kwetu. Lakini angalia jembe lililovunjika, lililotupwa chini ya mgomba. Halilishi ng'ombe wala mgomba. Linashikwa na kutu.

Na kutu ni nini? Ni chuma kinachoirudia oksijeni yake, yaani kinachorudi kuwa jiwe. Ule moto wote uliotumika kuvitenga, yale makaa yote, ile hewa ya ukaa iliyokwisha kupanda angani, vyote vimekuwa bure. Ndiyo maana twasema ya kuwa achaye chuma kiliwe na kutu atupa msitu ulioungua kwa ajili yake, tena awalazimisha watu wengine kuunguza mwingine.

Bali chuma kikirudishwa motoni kabla hakijaliwa, huzaliwa upya, wala hakihitaji tena makaa ya kukitenga, maana kimekwisha kutengwa. Chahitaji joto tu. Kila tani ya chuma chakavu inayoyeyushwa kuwa chuma kipya huokoa zaidi ya tani 1.4 za mawe ya chuma na kilo 740 za makaa ya mawe. Ikiyeyushwa katika tanuru la umeme, hewa ya ukaa hushuka chini ya tani moja. Katika nchi yetu viwanda vya Dar es Salaam huyeyusha vyuma chakavu kwa umeme na kufanya nondo za kujengea. Na sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika nguvu za maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, limejengwa kutoa megawati 2,115.

Wala hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam kuuona mfano. Huko Mamba wahunzi hufua chuma hata leo. Hawangoji tena mzigo wa Ugweno. Huchukua springi za magari yaliyokufa, wakazitia katika makaa, wakazifua kuwa panga, visu na mashoka. Springi ni chuma kigumu chema kuliko panga nyingi za dukani. Hivyo gari lililobeba ndizi zetu miaka ishirini laendelea kutusaidia shambani miaka mingine ishirini. Wahunzi hao wana elimu ambayo yafaa vijana wetu waijue.

Lakini tuseme kweli yote. Chuma chakavu hakitoshi kwa dunia nzima, kwa sababu kilichomo katika majumba na madaraja kitakaa humo miaka mingi, na nchi changa kama yetu bado zinajenga. Itabidi chuma kingine kitoke katika jiwe. Kwa ajili hiyo watu wanatafuta njia nyingine ya kukitenga. Huko Luleå, Uswidi, mwaka 2021, chuma kilitengwa kwa haidrojeni mahali pa makaa. Na haidrojeni ikiungana na oksijeni huwa mvuke wa maji, si hewa ya ukaa. Neno hili latuhusu sisi. Liganga, katika wilaya ya Ludewa, pana mawe ya chuma yaliyokadiriwa tani milioni 126, na si mbali napo, Mchuchuma, pana makaa ya mawe mengi. Mwaka 2011 mapatano ya kuyachimba yalitiwa sahihi na kampuni ya Uchina. Nchi yenye mahitaji haikatazwi kuchimba mali yake. Lakini yawapasa wana wetu wasomi kuuliza mapema ni moto gani utakaotumika, na ni nani atakayelipa deni la moshi wake.

5. Onyo juu ya vyuma vya wizi

Penye faida mwizi hakosi. Siku hizi wanunuzi wa skrepa wafika hata vijijini, wakipima kwa mizani na kulipa fedha taslimu. Kazi hii si mbaya. Tumekwisha kuonyesha faida yake. Mtu maskini aokotaye vyuma njiani na kuviuza atusafishia nchi, wala asidharauliwe. Lakini twasikitika kuona ya kuwa kingo za madaraja hufunguliwa usiku, vibao vya barabara hung'olewa, mifuniko ya mashimo na mabomba ya maji huondolewa, hata misalaba ya makaburi haisalimiki. Kwa fedha kidogo za siku moja kijiji kizima chakosa maji, na gari laanguka darajani.

Wengine husema: Mimi nimenunua tu, sikuiba. Jibu hili ni dhaifu. Anunuaye bomba linalovuja maji bado katika mdomo wake, ajua lilikotoka. Pasipo mnunuzi mwizi angebeba mzigo wake akarudi nao. Basi tuwaambie vijana wetu walio katika biashara hii wamwulize mwuzaji ni nani na chuma ni cha nani. Na kitu chenye alama ya barabara, ya reli, ya maji au ya makaburi wasikipokee kwa bei yo yote, bali wawape habari viongozi wa kijiji. Yule mwanafunzi wa Elisha alijua shoka ni la nani. Hapo ndipo uaminifu huanzia.

6. Yatupasayo nyumbani na usharikani

Kwanza, tutunze tulicho nacho. Jembe na panga vikitoka shambani visilale nje katika umande. Vifutwe udongo, vipakwe mafuta kidogo, vitundikwe pakavu. Ni kazi ya dakika mbili, nayo huongeza miaka.

Pili, tununue kwa akili. Bati lina kipimo chake kiitwacho geji, na hapo namba kubwa ni bati jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Wengi huvutwa na bei ya bati jembamba, kisha huezeka tena kabla ya kuzeeka. Mwenye uwezo na anunue lililo nene mara moja. Baraza la usharika linaloezeka kanisa na lifanye vivyo hivyo, maana fedha ile ni sadaka ya wajane.

Tatu, tulinde paa. Bati limepakwa zinki ili kutu isilifikie. Zinki ikilika, kutu huingia. Majani yaliyooza juu ya paa na katika mifereji yaondolewe; penye dalili ya kutu pasuguliwe na kupakwa rangi mapema. Bati lililoshuka kanisani laweza bado kuezeka banda la mbuzi au kukinga maji ya mvua. Likiisha kabisa, na liende kwa mnunuzi mwaminifu.

Nne, tusichanganye. Sufuria nyingi ni alumini, si chuma; nyaya za umeme ni shaba au alumini. Kila kimoja kina moto wake na bei yake. Katika kila mtaa yafaa pawe na pembe moja iliyozungushiwa ua, ambapo vyuma vilivyokwisha kazi vitakusanywa, viandikwe katika daftari na mzee wa kanisa, viuzwe mara moja kwa mwaka mbele ya mashahidi. Fedha zake zaweza kununua miche ya miti ya kupandwa kando ya mfongo. Hivyo chuma kitairudishia ardhi miti ambayo kiliidai.

Kwa mazungumzo ya walimu na madarasa yao

1. Kwa nini mwanafunzi wa nabii alililia shoka la kuazima? Katika nyumba zenu kuna vitu gani vya chuma, navyo vilianzia wapi?
2. Kutu ni nini, nayo inapoteza nini pamoja na chuma?
3. Someni 1 Samweli 13:19-22. Israeli walipatwaje walipokosa wahunzi? Je, sisi twawathamini wahunzi wetu?
4. Mtu akileta kwenu bomba la maji kuliuza, mtatenda nini?
5. Usharika wenu waweza kufanya nini mwaka huu kati ya mambo manne yaliyotajwa?

Tumalizie kwa neno moja la ile habari ya Yordani. Nabii alitupa kipande cha mti majini, na chuma kikaelea. Lakini hakukitoa yeye. Alimwambia yule aliyekipoteza akichukue, naye akanyosha mkono wake mwenyewe akakishika. Ndivyo ilivyo kwetu. Mti umetuinulia chuma tangu siku za Ugweno hata leo. Iliyobaki ni kazi ya mkono wetu: kukiokota, kukitunza, na kumrudishia mwenyewe siku atakapokidai.